Kipimo cha huduma za mifugo: pointi ziko, rapori iko wapi?

Mambo ya leo si siasa ya vyama, lakini inagusa mfuko wa kila nyumba. Ninataka tuchambue chombo kimoja ambacho wengi wetu tulikisikia kwa jina tu kwenye masomo: PVS. Ndicho kipimo ambacho Shirika la Dunia la Afya ya Wanyama (zamani OIE, tangu 2022 tunasema OMSA) linatumia kwa kuangalia kama huduma za mifugo za nchi zinafanya kazi kweli. Nilisoma toleo la saba, la 2019, ukurasa kwa ukurasa. Neno langu ni hili: chombo ni kizuri kuliko watu wanavyosema, ila kina matundu matatu, na matundu yote matatu yanaangukia upande wetu, watu wa nchi kama Kongo.

Tuanze na mzizi wake. Mu 1920, ng'ombe waliotoka India kwenda Brazil walipitia Antwerp, na sotoka ya ng'ombe ikaingia Ubelgiji. Ndiyo Ubelgiji ile ile iliyokuwa inatutawala wakati ule. Ulaya ikashtuka. Tarehe 25 Januari 1924, nchi 28 zikapatana Paris na OIE ikazaliwa. Leo nchi memba zinapita 180, na Kongo iko ndani. Mu 1995, Shirika la Biashara la Dunia likaanza kazi na mkataba wake juu ya usalama wa chakula, mimea na nyama, na mkataba huo ukazipa kanuni za OIE nguvu: nchi ikifuata kanuni zile, jirani hawezi kumfungia mlango ovyo. Sasa swali likabaki: nani anajua kama nchi inazifuata kweli? Njo maana PVS ilitokea, karibu na 2006 na 2007.

Kazi yake inaendaje? Nchi yenyewe ndiyo inaomba, hakuna anayelazimishwa. Wataalamu wanakuja, wanapita ministeri, labo, mipaka, machinjio, mashamba, wanauliza, wanaomba kuona karatasi. Kisha wanatoa pointi 1 mpaka 5 juu ya mambo 45, yaliyogawanywa katika sehemu nne: watu na pesa na vyombo, uwezo wa kitaalamu, uhusiano na wafugaji na watu wengine wanaohusika, na kuingia kwenye soko. Pointi 1 maana yake karibu hakuna kitu. Pointi 5 maana yake nchi imefika kwenye kanuni. Baadaye nchi inaweza kuomba hesabu ya miaka 5: ni nini kinakosekana, na kitagharimu ngapi.

Kuna wenzetu wanaosema hiki ni chombo cha wazungu, tukitupe. Mimi sikubali, na sababu yangu kubwa ni jambo moja katika sehemu ya kwanza: uhuru wa kitaalamu. Chombo kinauliza kama daktari wa mifugo wa Leta anaweza kukata neno bila kusukumwa na biashara, pesa, mkubwa wake ao siasa. Ulizo hilo halitoki mbali na sisi. Tuchukue mfano. Agenti iko kwenye machinjio asubuhi. Anapasua pafu ya ng'ombe, anaona alama za kifua kikuu. Sheria inamwambia nyama ile itupwe. Lakini agenti huyo hana matrikule, mshahara haujawahi kufika, na kitu anachopeleka nyumbani jioni kinatoka kwa mchinjaji yule yule. Atakata neno gani? Tukisema tu "agenti wetu wako na rushwa," tumemaliza maneno bila kuelewa kitu. Chombo kinatusaidia kuona mnyororo: bila mshahara hakuna uhuru, bila uhuru hakuna ukaguzi, bila ukaguzi muhuri kwenye nyama ni wino tu. Uchambuzi kama huo sikuuona katika hotuba nyingi za siku ya ufugaji.

Sasa matundu.

Tundu la kwanza ni siri. Rapori ya PVS ni mali ya nchi iliyopimwa. Serikali isipokubali, haitoki. Wanaotetea mpango huu wako na sababu, na si sababu mbaya: nchi ikijua kwamba aibu yake itaenda kwenye soko la dunia, itaficha, na wataalamu wataonyeshwa firigo iliyonunuliwa jana. Siri inaleta ukweli, wanasema. Lakini tuangalie upande wa afya ya watu. OMS nayo inapima nchi, na pointi 1 mpaka 5 vilevile, na rapori zake zinatoka wazi. Ile ya Kongo ya 2018 mwanafunzi yeyote anaweza kuisoma kwenye simu. Nchi hazikukimbia. Juu ya nini afya ya mtu iko wazi, na afya ya mbuzi ni siri? Tena siri hiyo inamlinda nani? Mnunuzi wa nje anaweza kumuomba ministri rapori mezani, na ministri akitaka kuuza atampa. Anayebaki nje ni mfugaji, ni deputé wa jimbo anayepiga kura juu ya bajeti, ni mwalimu wa chuo anayefundisha. Mimi naona njia ya katikati inawezekana: wataalamu wafanye kazi yao kwa siri, lakini kisha mwaka mmoja pointi 45 zitoke, hata kama maelezo marefu yanabaki ndani. Pointi peke yake zinatosha kwa kuuliza ulizo.

Tundu la pili ni soko. Sehemu ya nne ya chombo inaonekana imevaa nguo ya nchi inayouza. Kwa Botswana inaeleweka: wanauza nyama ya ng'ombe Ulaya, wamegawanya nchi kwa mazoni na nyaya juu ya ugonjwa wa miguu na midomo, na kila pointi wanayopanda wanaiona kwenye mfuko. Sisi? Sisi tunanunua. Kuku wa firigo, samaki Thomson, soseji, maziwa ya unga, hivyo ndivyo vinavyopita Matadi na Kasumbalesa. Kwetu huku kanuni za dunia zingekuwa kwanza ngao, si tiketi ya kuuza. Ni kweli chombo kina pointi juu ya karantini na usalama wa mipaka, lakini mtu akisoma haraka anatoka na wazo kwamba huduma za mifugo zinajengwa juu ya kuuza nje. Serikali isiyouza kitu inasikia hivyo, inasema: basi hii haituhusu, tuweke pesa kwingine. Hapo chombo kinajiumiza chenyewe. Kwa Kongo ningependa hoja ianze na kile mama wa Kadutu ananunua sokoni, kisha ndipo ifike kwenye bandari.

Tundu la tatu ndilo linaloniuma zaidi: nchi nzima inapewa namba moja. Kongo iko na kilometa za mraba zaidi ya milioni 2.3 na majimbo 26. Ukipima chanjo ukapata 2, hiyo 2 ni ya nani? Ni ya Kinshasa, ao ya Kalehe, ao ya Aru? Ngombe wa Masisi wanaotoa fromaji inayojulikana mpaka mji mkuu, na mbuzi wawili wa bibi kule Kasai, wote wako ndani ya namba moja. Na mbuzi wawili wale si mchezo. Mu 2012 FAO ilitangaza kwamba sotoka ya mbuzi na kondoo, ile tunayoita PPR, imekwisha kuua mbuzi karibu 75,000 katika nchi yetu, na kwamba mbuzi zaidi ya milioni 1 walikuwa katika hatari. Hakuna benki iliyofilisika siku hiyo. Lakini kwa nyumba nyingi za kijijini, mbuzi ndiye benki: minerval ya mtoto, dawa za hospitali, mahari. Mbuzi akikufa, mtoto anarudi nyumbani.

Na historia inatufundisha kwamba kazi inashinda ao inashindwa kule mwisho wa barabara. Sotoka ya ng'ombe ilitangazwa imekwisha duniani mu 2011, ugonjwa wa pili katika historia kufutwa kabisa kisha ndui. Ilimalizwaje katika maeneo magumu, Sudan Kusini, Karamoja, Afar? Kulitengenezwa chanjo iliyovumilia joto, inayoweza kukaa siku nyingi bila firigo. Na waliodunga sindano mara nyingi hawakuwa madaktari. Walikuwa vijana wa kijiji, waliochaguliwa na wafugaji wenyewe, wakafundishwa kwa muda mfupi, wakatembea na ng'ombe kwa miguu. Chombo kinawahesabu wasaidizi wa mifugo, siwezi kukinyima haki yake. Lakini namba moja ya nchi haiwezi kuonyesha kama kijana huyo yuko Walikale ao hayuko.

Hapa tunafika kwetu, watu wa diploma. Lubumbashi inatoa madaktari wa mifugo, Butembo inatoa pia. Kila mwaka tunapiga picha na kofia. Kisha mmoja anafungua duka la megabayte, mwingine anaenda kufundisha kemia, wa tatu anangoja barua ya kazi. Wakati huohuo teritware nzima haina mtu wa kuandika kwamba nguruwe wanakufa. Wengine wanasema shida ni wingi wa fakulte. Mimi nasema kipimo kinaonyesha kitu kingine: kati ya mtu aliyesoma na nafasi ya kazi kuna mlango wa bajeti, na mlango ule unafunguliwa na watu ambao hawajaona pointi.

Kwa hiyo pendekezo langu ni dogo na halihitaji ndege kutoka Paris. Chombo chenyewe kiko wazi, mtu yeyote anaweza kukisoma bure, hata kwa Kifaransa. Badala ya kuandika TFC ya mia moja juu ya "umuhimu wa ufugaji," mwanafunzi achukue mambo matano tu kati ya yale 45 na ayapime katika teritware yake. Nani anashika kazi na alisoma nini? Analipwa na nani? Firigo ya chanjo iko wapi, na umeme inapata masaa ngapi? Sampuli ya damu inafika labo kisha siku ngapi? Mbwa na mbuzi walichanjwa mara ya mwisho lini? Wanafunzi ishirini, teritware ishirini, na tunakuwa na karta ambayo rapori ya siri haiwezi kuwa nayo. Tuipeleke kwenye asamble ya jimbo kabla ya bajeti kupigiwa kura, si kisha.

Chombo cha OMSA kilitengenezwa ili nchi ijitazame kwenye kioo. Kama kioo kimefungiwa ndani ya kabati la ministeri, sisi tuko na macho na tuko na kalamu. Tuanze na teritware moja.