Picha ya mbele, picha ya nyuma

Hapa kwa kawaida tunachambua vitabu, hotuba za wakubwa, na mara moja moja filamu. Leo nataka kuchambua picha mbili tu.

Yaya wangu alinitumia hizo picha siku ya yenga usiku, na maneno haya: "Weye ulisomaka, niambie kama hii kintu iko ya kweli." Ni tangazo la kliniki moja ya mji mkubwa wa nchi jirani. Kushoto kuna tumbo la mama, limelegea, na mistari ya uzazi. Kulia tumbo lile lile, limekazana kama ngoma. Chini ya moja wameandika mbele, chini ya ingine nyuma. Halafu bei, na punguzo mpaka mwisho wa mwezi. Yaya amezaa mara ine. Anakaa hapa Himbi, anauza vitenge, na toka benki zifungwe Goma mu Januari 2025, feza yake inalala mu valizi. Feza hiyo njo anataka kupeleka kule.

Nianze na chenye tangazo linafanya vizuri. Halimtukani. Kwetu mama akisema tumbo lake linamusumbua, anajibiwa ashukuru Mungu kwa watoto, na mazungumzo yanaisha. Tangazo linamujibu kama mtu mzima. Mimi pia sitamwambia yaya aache. Tumbo ni lake na feza ni yake.

Lakini nilisomea agronomia, na jicho langu lilifundishwa mu shamba la majaribio. Ukiniletea picha mbili za mahindi, moja ya mbele ya mbolea na ingine ya nyuma, nitakuuliza: vipande vingapi? Kipande chenye hakikupata mbolea kiko wapi? Na mimea yenye ilikufa umeiandika wapi? Mu kazi yangu ya mwisho nilificha kipande kimoja cha maharagi chenye kilioza. Profesa akanirudishia kazi yote. Niliona haya wiki mbili. Kliniki inaficha vipande vyote vyenye vilioza, na hakuna anayeirudishia kazi.

Tena tazameni vizuri. Kushoto mwanga unatoka juu, kila kunjo la ngozi linatupa kivuli. Kulia mwanga unatoka mbele, na mama amevuta pumzi. Tarehe hakuna: ni nyuma ya wiki tatu ao miaka miwili? Na ile nguo ya ndani yenye imepandishwa kidogo haikupandishwa bure. Operesheni ya kukaza tumbo inaacha kovu lenye linatoka nyonga moja mpaka ingine. Kovu hilo linafichwa na kitambaa cha santimetre chache, na yaya hakujua kama liko.

Chenye kinanikasirisha zaidi ni katikati. Kati ya mbele na nyuma kuna mtu ameshika kisu, kuna mwingine anamulaza mgonjwa na kulinda pumzi yake, kuna chumba chenye oksijeni na damu ya akiba, ao chenye havina. Tangazo linaruka yote hayo na neno moja: "docteur". Jina hakuna.

Docteur wa nini? Kwetu mtu akimaliza masomo ya uganga anaitwa docteur, na ni haki yake. Mwenye anapasua kwa ajili ya urembo anapaswa kuongeza miaka mingi ya kukata na kushona ngozi mbele ya walimu. Mu eneo letu COSECSA, chuo cha wapasuaji cha Afrika ya Mashariki, Kati na Kusini, kilichoanzishwa 1999, kina mtihani wake wa mwisho kwa kazi hiyo. Kenya ina baraza la waganga, KMPDC, na jina la munganga unalitafuta mu orodha yao na telefone yako. Kwetu iko Ordre des médecins, na munganga ana namba yake, mara mingi iko hata kwa muhuri. Namba hiyo inakuambia kama ni munganga kweli. Haikuambii kama anajua tumbo la yaya. Ni sawa na gunia la mbegu: picha ya muhindi mkubwa inachapwa na kila mtu, mimi natafuta etiketi ya SENASEM, na hata nikiipata ninauliza mbegu ilijaribiwa udongo gani.

Mu Oktoba 2024, Nairobi, mama mmoja alikufa nyuma ya operesheni ya urembo, na KMPDC ikafunga kliniki. Na si ujinga peke yake unaua. Utafiti wa wapasuaji wenyewe, uliotoka 2017, juu ya kuchukua mafuta ya mwili na kuyatia mu makalio, ulikadiria kifo kimoja kwa operesheni 3.000 hivi. Mafuta yakiingia mu mshipa mkubwa yanakimbilia mapafu. Mwaka 2018 chama cha wapasuaji wa urembo cha Uingereza kiliomba memba wake waiache kwanza. Wataalamu wenye diploma zote walisema hapana. Mu tangazo letu neno hapana halimo hata mara moja, na kwangu hiyo njo kasoro yake kubwa.

Kazi yenyewe haikufika kwetu kwa njia ya punguzo. AMREF ilianzishwa 1957 na wapasuaji watatu wa plastiki, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees. Hapa Goma, kule HEAL Africa, wanashona midomo ya watoto wenye walizaliwa nayo imepasuka.

Siku ya posho tulipiga simu pamoja, sauti kubwa. Yaya aliuliza mwenyewe: jina la mwenye atanipasula? Nani atanilaza? Nikiumwa nikisharudi Goma, nani atanipokea? Sauti ikajibu: "Mama, usiogope, tuko na uzoefu." Nyuma ya dakika mbili zikaingia picha zingine sita, kila moja na jina la muteja wake.

Yaya alizitazama polepole, akazirudilia. Halafu akaweka kidole karibu na kitovu cha mama wa tatu, kwa alama moja nyeusi. "Huyu njo yule wa kwanza."

Akaweka telefone chini, akarudi kupimia muteja kitenge.