Kazi Inapotoweka Simuni

Septemba 2023, Rais William Ruto alizindua mpango wa wahamasishaji 100,000 wa afya ya jamii, wenye simu zilizowekwa eCHIS, mfumo wa kielektroniki wa taarifa za afya ya jamii. Mfumo huo umejengwa juu ya CHT (Community Health Toolkit), programu huria ya shirika la Medic. Kwa mhamasishaji wa Nyatike, Migori, au kisiwani Mfangano, Homa Bay, ukurasa wenye uzito ni ule wa kazi: mjamzito yupi atembelewe, mtoto yupi afuatiliwe.

Orodha hiyo haitoki kwenye seva. Simu yenyewe huikokotoa kutokana na fomu zilizojazwa, kwa kanuni zinazoamua kazi ionekane lini na iondoke lini. Ndiyo maana mtandao ukikatika ziwani, kazi zinabaki. Ila zamani, kazi iliyotoweka haikuacha alama yoyote. Mhamasishaji akilalamika, mtaalamu hakuwa na cha kuchunguza.

Toleo la 3.8 la CHT, mwaka 2020, likaanza kuhifadhi kila kazi kama hati yenye hali yake, kama vile iko tayari, imekamilika, imefutwa au imeshindikana. Hati husafiri hadi seva simu ikipata mtandao. Naliheshimu badiliko hili kuliko pambo lolote la skrini, kwa sababu linatenganisha malalamiko yanayofanana. Hati ikisema "imeshindikana", muda wa kazi uliisha kabla ya ziara. Hapo programu haijakosea. Linalohitajika ni ombi la kuongeza siku, na penye safari za boti ombi hilo ni la haki. Ikisema "imefutwa", huenda taarifa iliyoizaa imebadilika. Isipokuwepo kabisa, chunguza kanuni, tarehe ya simu, au kama simu imewahi kutuma data.

Udhaifu uliobaki ni njia ya lalamiko. Likipitishwa kwa mdomo toka kwa msimamizi hadi kaunti ndogo, kisha kaunti, boma na siku husahaulika. CHT ina sehemu ya kuripoti hitilafu kwenye menyu, inayoambatanisha toleo la programu na kumbukumbu za simu. Mafunzo ya Migori na Homa Bay yangeipa sehemu hiyo saa nzima: ripoti iandikwe palepale kazi ilipokosekana, jina la kazi na tarehe vikitajwa, hata kwa Dholuo.