Mtihani wa ujirani mwema: kazi iko mezani

Mhaya akitaniwa huitwa nshomile, yaani "nimesoma", na utani huo una mizizi yake. Miaka ile Baraza la Mitihani lilipokuwa likitangaza shule kumi bora, watu wa Bukoba walikuwa wanasikiliza redio wakijua jina lao litasomwa: Kaizirege, kisha Kemebos, iliyoshika namba moja kitaifa katika matokeo ya kidato cha nne ya 2021. Januari 2023 Baraza likaacha kutangaza orodha hiyo, likisema haina tija. Ushindani haukufa. Ulibaki pale ulipokuwa siku zote, kwenye mitihani ambayo shule zenyewe hutungiana.

Mtihani wa ujirani mwema ni rahisi kuueleza. Shule tano au sita zinachangia karatasi na wino, zinagawana masomo ya kutunga, wanafunzi wote wanafanya mtihani mmoja siku moja, halafu walimu wanakusanyika mahali pamoja kusahihisha. Bukoba mjini hilo ni suala la bodaboda. Muleba ni habari nyingine, kwa sababu baadhi ya majirani wako ziwani: Bumbire, Ikuza, Goziba, Mazinga, Kerebe. Bahasha inayotakiwa kufunguliwa saa mbili asubuhi ya Jumatatu lazima ipande boti mapema, na ziwa likichafuka haifiki. Ukisema kisiwani wafanye Jumanne, maswali yatakuwa yameshawafikia kwa simu tangu Jumatatu mchana. Mratibu mzoefu hutunga seti mbili, ya pili inakaa kabatini. Ni kazi mara mbili na hakuna anayemshukuru.

Kwenye kutunga, wengi huiga umbo la karatasi ya Baraza. Hisabati ya kidato cha nne ina maswali 14: 10 ya sehemu A yenye alama 6 kila moja, na 4 ya sehemu B yenye alama 10 kila moja, kwa saa tatu. Kuiga umbo si tatizo. Tatizo ni kuchota maswali ya miaka iliyopita kama yalivyo, hadi namba zake. Hapo unapima nani ana kitabu cha maswali na majibu nyumbani, na mtoto wa mvuvi hana.

Lakini moyo wa shughuli yote ni meza ya kusahihisha. Kuna njia mbili. Ya kwanza, kila mwalimu abebe karatasi za shule nzima azisahihishe mwanzo hadi mwisho. Inaenda haraka, na kila mmoja anarudi nyumbani na ukarimu au ubahili wake. Ya pili, kila mwalimu achukue swali moja tu na karatasi za shule zote zipite mbele yake mkono kwa mkono. Inachosha. Ukifika karatasi ya mia unaliota swali lenyewe. Ila njia hii ndiyo inayofichua mambo.

Niliwahi kukaa meza hiyo, enzi zangu za chaki. Mwenzangu alikuwa na swali la alama 6 lenye kipengele hiki: tafuta thamani za x ikiwa x² = 5x. Jibu ni mbili, 0 na 5. Akaanza kuguna. Shule ya kwanza wengi wamepata yote mawili, ya pili vilevile, ya tatu karibu darasa zima limeandika x = 5 na kupiga mstari chini kwa kujiamini. Walikuwa wamegawa pande zote kwa x, na ile sifuri ikapotea njiani, maana huwezi kugawa kwa kitu ambacho chenyewe chaweza kuwa sifuri. Watoto themanini hawakosei kwa namna moja kwa bahati mbaya. Akauliza, "Hawa nani kawafundisha kukata x?" Nilikuwa mimi. Ningesahihisha karatasi za shule yangu peke yangu, ningewapa alama zote na kuwasifu.

Hakuna orodha ya nafasi ambayo ingeniambia hivyo. Ingesema shule yetu ni ya nne, basi.

Orodha zina ulaghai mwingine unaotokana na hesabu ya madaraja. Alama A huanzia 75, B 65, C 45, D 30, chini ya hapo F. A ni pointi 1, F ni pointi 5. Yanachukuliwa masomo 7 bora, na daraja la kwanza ni pointi 7 hadi 17. Kwa mpango huo, mwanafunzi aliyetoka 5 hadi 28 amefanya kazi kubwa na bado ana F. Aliyetoka 29 hadi 30 amepanda hadi D. Mratibu anayejua kazi yake hasomi wastani wa shule. Anatafuta waliosimama kwenye 25 hadi 29, anarudi kwenye karatasi zao na kuona ni kipengele gani kingewavusha. Na katika Hisabati hao si wachache: mwaka 2022 kitaifa alifaulu takriban mtahiniwa mmoja kati ya watano.

Wapo wanaosema mashindano ya namna hii yanazaa makasuku, na sitabishana nao sana. Ndiyo maana napenda kuyaweka kando ya mfumo wa Young Scientists Tanzania, ulioanzishwa 2011 na Gozibert Kamugisha na Joseph Clowry kwa mfano wa maonyesho ya wanasayansi vijana ya Ireland, yaliyoanza 1965. Huko hakuna karatasi ya maswali. Wanafunzi wawili na mwalimu wao wanaleta swali lao wenyewe, wanafanya utafiti, wanasimama mbele ya bango lao na majaji wanawahoji.

Ugumu uko kwenye kulipunguza swali. Tuseme wawili kutoka Kamachumu wanataka kuchunguza mnyauko wa migomba, ugonjwa ulioripotiwa Kagera 2006. "Tutibu mnyauko" si swali la wanafunzi wawili. Swali lao ni hili: katika vibanja 40 vya kijiji chao, wanaopitisha panga kwenye moto kabla ya kuhamia mgomba mwingine wamepoteza mashina machache kuliko wasiofanya hivyo? Hilo linahesabika kwa miguu na daftari. Na jaji atauliza mara moja: mlijuaje kwamba mzee yule anachoma panga kweli, au aliwaambia tu kwa sababu mlivaa sare? Wakijibu kwamba walirudi mara ya pili bila taarifa na kutazama kama panga lina masizi, nitawapa alama za juu kabla sijaona jedwali lao.

Mimi niliporudi darasani baada ya meza ile, niliandika ubaoni x² = 5x, nikafuta jibu langu la zamani mbele yao. Mmoja wa nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, sasa zile alama tutarudishiwa?"