Honi Kabla ya Kona

Barabara ya kutoka Mwembe kwenda Myamba, huku milimani Same, ina kona ambazo malori mawili hayapishani. Upande mmoja ukuta wa udongo, upande wa pili korongo. Dereva mzoefu wa Fuso lililosheheni tangawizi hushusha kioo hata kwenye baridi ya masika, maana ukungu ukishatanda macho hayana kazi. Kabla ya kona anapiga honi ndefu, anapunguza mwendo, anasikiliza. Akijibiwa, anatafuta mahali palipotanuka kidogo na kujibanza. Utingo anaruka chini, anachungulia tairi la nyuma, anapiga bodi kwa kiganja: njoo, njoo, hapo hapo! Mwenzao anapita, mikono inapungwa, safari inaendelea.

Mabaharia wana utaratibu huohuo, tena kwa maandishi. Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano ya meli zilipitishwa London mwaka 1972 na kuanza kutumika Julai 1977. Kanuni ya 34 inamtaka nahodha anayekaribia kona ya mkondo, mahali ambapo chombo kingine kinaweza kuwa kimejificha, apige honi moja ya sekunde nne hadi sita. Aliye upande wa pili akiisikia, naye ajibu kwa honi ndefu. Honi fupi zina maana zake: moja, nageuka kulia, mbili, nageuka kushoto, tatu, injini inarudisha nyuma.

Ufundi wenyewe unaonekana vizuri kwenye mlango wa bandari ya Dar es Salaam. Meli za makontena zinaingia kwa foleni, pantoni za Kigamboni zinakatiza mbele yake, boti za Zanzibar zinatoka, na ngalawa nazo zinatafuta riziki. Kanuni ya 9 inataka kila chombo kishike upande wake wa kulia wa mkondo. Chombo kisichofika mita 20, au cha tanga, kisiizuie meli isiyoweza kupita kwa usalama nje ya mkondo. Anayetaka kukatiza naye asiifungie njia. Hapa hakuna upendeleo kwa mkubwa. Meli ile haina breki, na ikitoka mkondoni itakwama.

Nahodha hujuaje kwamba kuna hatari? Anaipima meli ya mwenzake kwa dira, anasubiri kidogo, anaipima tena. Ikiwa inazidi kuwa kubwa na bado iko palepale kwenye dira, wanaelekea kugongana. Hapo anayepaswa kupisha apishe mapema, na ageuze kwa kiasi ambacho mwenzake atakiona bila kubahatisha. Kugeuza kidogokidogo kunapaswa kuepukwa, kwa sababu kunamwacha mwenzako akikisia. Anayepishwa naye ana kazi: ashike mwelekeo na mwendo wake, ili hesabu ya anayepisha isiharibike.

Sisi Wapare tunataniwa kwa kupenda kesi, na msomaji wa huku angeanza kwa kutafuta ni nani mwenye haki ya njia. Angepata jibu nusu. Karibu kila mstari unampa mtu wajibu, hata huyo anayepishwa. Akiona kwamba mwenzake peke yake hawezi tena kuepusha ajali, lazima naye achukue hatua. Hawezi kugonga huku ameshika kanuni mkononi.

Ninayoivulia kofia zaidi ni ya honi tano fupi za harakaharaka, au zaidi. Nahodha huzipiga anapoona chombo kinamkaribia na haelewi kinataka kufanya nini, au ana shaka kama kinachukua hatua ya kutosha kuepusha mgongano. Waliotunga kanuni hizi walijua kwamba ajali nyingi huanza pale mtu anapojifanya ameelewa, wakamwagiza mkuu wa chombo atangaze shaka yake bandari nzima isikie, wakati bado kuna nafasi ya kugeuka.