Picha Isiyopitwa na Wakati

Wageni wanaofika Mogogosiek, katika nchi ya chai ya Bomet, mara nyingi hupiga picha ya namna moja: vilima vilivyovikwa kijani kitupu, na kwa mbali wachumaji wameinama, vikapu migongoni. Picha hiyo hutiwa katika kalenda, na mwaka ukiisha hutupwa pamoja na kalenda yake. Si picha mbaya. Mwanga wake ni mzuri na rangi zake zapendeza. Lakini haina siku wala mtu. Ingaliweza kuwa ya jana au ya miaka thelathini iliyopita, na huo ndio upungufu wake, ijapokuwa wengi hudhani kwamba picha hudumu kwa kutofungamana na wakati wowote.

Mimi naona kinyume. Picha hudumu kwa kuushika wakati mmoja barabara, hata usiweze kuponyoka.

Itazame, kijana msomaji, picha ambayo Wakenya wengi wanaijua. Dedan Kimathi alikamatwa karibu na Nyeri tarehe 21 Oktoba 1956, akiwa amejeruhiwa kwa risasi. Akapigwa picha amelazwa juu ya machela, nywele zake ndefu zimesokotana, mikono imetiwa pingu. Serikali ya kikoloni iliitia picha hiyo katika vikaratasi zaidi ya 100,000 ikavisambaza, ili wafuasi wa Mau Mau waone kiongozi wao ameanguka, wakate tamaa. Tarehe 18 Februari 1957 alinyongwa katika gereza la Kamiti, akazikwa katika kaburi lisilo na alama.

Kusudi la wenye picha lilikuwa wazi, nalo limekufa pamoja na utawala wao. Picha imebaki. Kwa nini? Mwandishi huweza kuliacha neno asilolitaka. Kamera haina hiari hiyo. Ilitumwa kuleta ushindi, ikaleta na pingu. Mtu amelala, mguu wake hauwezi kumbeba, wala hana silaha: ya nini kumfunga mikono? Jicho likifika hapo haliwaoni tena washindi, laona hofu yao. Jambo hilo halikuandikwa na mtu yeyote chini ya picha, lakini limo ndani yake, na kila kizazi hulikuta upya.

Yuko atakayesema kwamba ni jina la Kimathi lililoikuza picha, wala si picha yenyewe. Hoja hii ina uzito, lakini haitoshi. Sir Evelyn Baring, aliyekuwa Gavana wa Kenya wakati huo, naye alikuwa na jina kubwa, akapigwa picha nyingi katika mavazi yake ya heshima. Ni nani leo aziwekaye ukutani? Hazisemi zaidi ya alivyotaka zimsemee.

Hata Mogogosiek picha ya kudumu ingepatikana, ila si pale kilimani penye mandhari. Ningeitafuta katika kituo cha kununulia chai, saa majani yanapopimwa, mkulima ameweka mzigo wake wa kutwa, naye hamtazami mwenye kamera wala karani, anaitazama mizani.