Msimulizi na Mshindi: Kuanguka kwa Shekulwavu katika Habari za Wakilindi

Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy kilichotolewa Nairobi mwaka 1962 chini ya uhariri wa J.W.T. Allen, humvuta msomaji kwanza kwa Mbegha, yule mwindaji wa nguruwe aliyegawa nyama hata akakabidhiwa Usambara. Sisi tunaokisomea Goma tumevutwa zaidi na Shekulwavu, aliyerithi kiti cha Vuga babu yake, Kimweri ye Nyumbai, alipofariki mwaka 1862. (Kiswahili cha pwani huwachosha wanafunzi waliozoea Kingwana, lakini wanavumilia.)

Mfalme huyu kijana alikuwa mlimani Vuga pamoja na heshima ya mvua na matambiko. Baba yake mdogo, Semboja, alikaa chini Mazinde, kwenye njia ya misafara ya bonde la Pangani, na bunduki zilimfikia yeye kwanza. Kwa mawazo ya Wasambaa, mtawala asiye na mpinzani huiponya nchi, kuzifya shi. Watawala wakishindana nguvu, nchi huharibika, kubana shi. Mwishoni mwa miaka ya 1860 Semboja aliishambulia Vuga. Shekulwavu akakimbia wala hakuitawala tena, na mtoto wa Semboja, Kimweri Maguvu, akawekwa mahali pake. Wabondei nao waliwaasi Wakilindi.

Tatizo letu ni msimulizi. Abdallah alimtumikia Semboja. Hatudai kwamba amemsingizia aliyeshindwa. Shaka yetu ni ya kifani. Masimulizi yake husukumwa na mazungumzo: mashauri ya wazee, maneno ya wajumbe, majibizano ya ndugu. Mbegha, aliyeishi zamani sana kabla yake, anazungumza kwa ufasaha na uhakika uleule wa watu ambao mtunzi aliwajua kwa macho. Hivyo aliyoyasikia na aliyoyashuhudia yamevikwa vazi moja, na pale bwana wake anapoingia vitani, shahidi amekwisha kujificha nyuma ya mtambaji wa hadithi. Ufundi huo tunausifu. Ndio pia unaotunyima ushahidi tunaouhitaji kuliko wote.

Goma ni mji uliotekwa na M23 Novemba 2012, kisha tena Januari 2025. Msomaji wa hapa huuliza mapema: mwandishi huyu alikula kwa nani? Kwa maoni yetu swali hilo si la kisiasa tu. Ni la uhakiki. Tungependa wanafunzi waanzie kwenye sura za vita, Mbegha asubiri, wakitia alama kila mahali ambapo Abdallah angeweza kuwapo mwenyewe.