Mshipa, Sindano na Dozi: Istilahi Tatu katika Tafsiri ya Tiba ya Farasi

Maelezo ya dawa husomwa na mtu aliyekwisha kushika bomba la sindano mkononi. Kwa hiyo kosa la istilahi humfikia mgonjwa kabla ya kumfikia mhariri. Hayo tumeyabaini katika tafsiri moja ya maelezo ya penisilini ya prokeini, iliyokusudiwa masaisi wanaotunza farasi. Sarufi yake haina dosari. Lakini istilahi zake tatu zina hatari.

Ya kwanza ni mshipa. Mfasiri ameandika kwamba dawa idungwe "katika mshipa wa shingo", ilhali alikusudia msuli. Kosa hili lina asili yake. Katika mazungumzo ya kila siku neno mshipa hubeba mengi: njia ya damu, neva, kano, hata ugonjwa wa ngiri, na wako wanaoulalamikia mshipa pale msuli unapowauma. Lakini kwa farasi tofauti hiyo ni uhai. Dawa hii imetengenezwa makusudi ili ifyonzwe polepole kutoka katika msuli, damu iipokee kidogo kidogo kwa saa nyingi. Ikiingia katika vena, prokeini hufika kwenye ubongo kwa ghafla: farasi hupagawa, huyumba, huanguka na pengine hufa, naye aliye karibu huweza kuumizwa. Tena dawa hiyohiyo ikidungwa katika msuli wa shingo hufyonzwa upesi zaidi kuliko ikidungwa matakoni. Basi jina la kiungo si pambo la sentensi; ni sehemu ya tiba. Istilahi msuli, vena, ateri na neva zipo. Hapana udhuru wa kuziacha.

Ya pili ni sindano. Kipimo cha kawaida ni yuniti 22,000 kwa kila kilo ya uzito, mara mbili kwa siku. Farasi wa kilo 500 huhitaji yuniti 11,000,000 kila mara. Ikiwa mililita moja ina yuniti 300,000, hizo ni mililita 37 hivi. Kiasi hicho ni kingi mno kwa mahali pamoja, hivyo hugawanywa na kudungwa mahali mbalimbali. Mfasiri anaagiza "sindano mbili kwa siku". Je, ni kipimo kimoja kilichogawanywa mara mbili, au ni vipimo viwili kamili? Saisi atakayeelewa la kwanza atampa farasi nusu ya dawa, na vijidudu visalimike.

Ya tatu ni dozi. Daktari hulitumia kwa kiasi cha mara moja. Umma, usemapo "maliza dozi", hukusudia tiba nzima. Katika ukurasa mmoja mfasiri amelitumia kwa maana zote mbili bila kumwonya msomaji.

Tunapendekeza: kipimo kwa kiasi cha mara moja, tiba kamili kwa siku zote, na sindano libaki kwa chombo, tendo likiitwa udungaji. Ni kweli kwamba kipimo nalo lina maana nyingine, kama vile uchunguzi wa maabara. Lakini muktadha huzitenganisha maana hizo, jambo ambalo dozi haliwezi.

Hatumlaumu mfasiri peke yake. Tafsiri ya namna hii yafaa isipigwe chapa kabla haijasomwa na watu wawili: daktari wa mifugo, na saisi mmoja aulizwe atafanya nini baada ya kuisoma.